Sufi ya Pwani, Sufu ya Ainabkoi

Mtu aliyezaliwa Mombasa, akakulia katika nyumba ambayo madirisha yake hayafungwi ila kwa kuchelea mvua ya masika, hawezi kuijua baridi ya Ainabkoi kwa kusimuliwa. Mji huo mdogo wa kaunti ya Uasin Gishu umekaa katika njia ya reli iliyopanda kutoka Nakuru ikafika Eldoret mwaka 1924, na karibu yake, kule Timboroa, reli hiyo huvuka mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Na ingawa ikweta yenyewe hupita si mbali na hapo, msafiri ashukaye mwezi wa Julai hukuta ukungu umelala juu ya mashamba ya ngano na viazi mpaka jua lipate nguvu, na wenyeji humweleza kuwa ziko nyusiku ambazo sakitu hushuka ikayaunguza majani ya viazi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Mimi nilifika huko Julai iliyopita kumtazama mjukuu wangu wa kwanza, aliyekuwa ametimiza miezi mitano, na katika furushi langu nilikuwa nimetia yale ambayo mama wa Pwani huyaona kuwa ni wajibu wake: doti mbili za kanga, mkeka wa rangi, na mto mdogo wa sufi nilioujaza kwa mikono yangu mwenyewe.

Binti yangu ni mwalimu, ameolewa na kijana wa huko huko, na nyumba yao ni ya mbao, kama nyumba nyingi za upande huo ulio jirani na misitu ya Kaptagat na Timboroa. Alikuwa amekitenga chumba kizima kwa ajili ya mtoto, akakipenda kama apendavyo mtu jambo alilolikosa utotoni. Maana sisi tuliomlea tulikuwa tukilala wanne chumba kimoja, na hakuna aliyepata kufikiri kwamba mtoto mchanga ana haja ya kuta zake mwenyewe. Wazee wetu, wa Pwani na wa bara pamoja, walijua mahali pa mtoto tu: mgongoni katika mbeleko, ubavuni pa mama, au katika susu iliyoning'inizwa kwenye boriti na kusukumwa kwa kamba. Hata hivyo si kweli kwamba hawakupapamba mahali hapo. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, chumba cha ndani kabisa, ambacho jina lake ni hilo hilo, ndani, ndicho walichojifungulia wanawake, na ndicho ambacho mafundi walikitilia nakshi za chokaa kuliko vyote, ukuta mzima ukawa zidaka juu ya zidaka, zikapangwa humo sahani na bakuli za kauri, hata kiumbe kilichokuwa kikizaliwa kikafungua macho yake mbele ya kazi bora ya mikono iliyokuwamo nyumbani. Na katika nyumba za udongo za nyanda za juu, mama aliyekandika ukuta kwa udongo na samadi, akaumaliza kwa majivu na udongo mwekundu, aliifanya kazi hiyo akijua kuwa macho ya watoto ndiyo yatakayoshinda humo.

Katika chumba cha mjukuu wangu nilikuta kitanda chenye kizuizi, na ndani ya kizuizi kimezungushwa mto mrefu wenye picha za dubu, na juu yake vimening'inizwa vinyago vya plastiki ambavyo, ukivizungusha ufunguo, hulia muziki. Vyote vilinunuliwa kwa fedha ambazo mwalimu hazipati kwa urahisi. Juma lile lile alipita nyumbani mhudumu wa afya ya jamii, mama mtulivu mwenye daftari, akamtazama mtoto, akatazama kitanda, kisha kwa adabu sana akasema kuwa ule mto wa kuzungusha uondolewe, na mto wangu wa sufi uondolewe vile vile.

Nakiri kuwa moyo uliniuma. Lakini yule mama alisema haki, na maadamu makala haya yataangukia mikononi mwa watu wenye watoto wachanga, ni lazima nilieleze jambo hili kwa ukamilifu kabla ya kulitaja pambo lolote. Mtoto asiyetimiza mwaka hulazwa chali, juu ya godoro gumu lililotandikwa shuka iliyokazwa, wala kitandani mwake hamtiwi mto, wala mfarishi mnene, wala mwanasesere, wala kitu chochote laini kinachoweza kumziba pumzi. Madaktari wa watoto wa Marekani walilishauri jambo la kulaza chali mwaka 1992, na baada ya kampeni ya kitaifa iliyoanzishwa huko mwaka 1994 vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa takriban nusu. Na mito ile ya kuzungusha kitanda, niliyoiona Ainabkoi ikiuzwa kama dalili ya maendeleo, imepigwa marufuku na sheria ya Marekani tangu mwaka 2022. Kadhalika husemwa kuwa mtoto na alale chumba kimoja na wazazi wake, juu ya tandiko lake mwenyewe, walau miezi sita ya kwanza. Kwa hiyo chumba cha mtoto, katika mwaka wake wa kwanza, ni cha mchana zaidi kuliko cha usiku, na anayekipamba na akipambe kwa ajili ya mtoto aliye macho.

Tena liko jambo la jiko. Baridi ikizidi, aghalabu watu huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango, na makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa wamelala. Nalitaja hapa kwa sababu katika nchi ya baridi swali la kwanza la chumba cha mtoto ni joto, na joto lisipopatikana kwa njia ya salama litatafutwa kwa njia ya hatari. Mapambo yote niliyojifunza Ainabkoi, na ambayo nayaona kuwa bora kuliko ya dukani, yalikuwa ni majibu ya swali hilo.

Aliyenifunza ni mkwe wangu, mama yake mume wa binti yangu. Kwa Kikalenjin bibi huitwa Kogo, nami nikamwita hivyo kwa heshima ingawa umri wetu hauachani sana. Yeye aliniita Mama Mwalimu. Alikuja siku ya tatu na mfuko wa sweta kuukuu alizozichagua katika mitumba ya soko la Burnt Forest, akaketi karibu na dirisha, na kabla ya kufanya lolote akazipindua zote upande wa ndani.

“Tazama mshono kwanza, Mama Mwalimu,” akaniambia. “Sweta iliyokatwa kwa mkasi haifumuki.”

Na hiyo ndiyo siri ambayo ingenigharimu siku nzima kuigundua peke yangu. Sweta ikiwa vipande vyake vilifumwa kila kimoja kwa umbo lake, pindo lake ni safi, na uzi wake ni mmoja tangu chini hadi juu. Lakini ikiwa ilikatwa katika kitambaa kikubwa kilichofumwa kwa mashine, kisha pindo likazungushiwa uzi mwembamba wa cherehani, basi ukivuta utapata vipande vifupi vifupi visivyofaa kitu ila kujazia. Zilizokatwa akaziweka kando. Katika zilizobaki akachomoa uzi kidogo kutoka kila moja, akauwasha kwa kiberiti juu ya kisahani. Wa kwanza ulisinyaa, ukatoa harufu ya nywele zilizoungua, ukazimika wenyewe, na majivu yake yakasagika kati ya vidole. Wa pili ukayeyuka, ukatona, ukaganda ukawa kama ushanga mweusi mgumu. Ule wa kwanza ni sufu ya kondoo, wa pili ni akriliki, ambayo ni jamaa ya plastiki. Na katika nyumba yenye jiko na taa ya mafuta, tofauti ya kitu kinachozimika chenyewe na kitu kinachotona moto si tofauti ndogo. Kogo huifumia akriliki vitambaa vya viti na meza, vile vya kulabu ambavyo hukosi kuviona katika sebule yoyote ya Kenya, na sufu huihifadhi kwa ajili ya watoto.

Nilikaa nikifikiri juu ya lile jina. Sisi wa Pwani tuna sufi, pamba nyepesi itokayo katika matunda ya msufi, isiyonyonya maji hata watu walipata kuijazia makoti ya kuokolea mabaharia, walakini hushika moto upesi kuliko unavyoweza kuikimbilia. Nao wa nyanda za juu wana sufu. Herufi moja tu inayatenga maneno haya mawili, na kila moja limejengwa na hewa ya mahali pake. Mto wangu ulikuwa jibu zuri la swali lisiloulizwa Ainabkoi.

Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kama nywele zilizosukwa zikafunguliwa. Kogo aliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, akalifunga lile shada mahali pane lisivurugike, akaliosha kwa maji ya uvuguvugu bila kulisugua, kwa kuwa sufu ikisuguliwa katika maji ya moto hugandamana isifumike tena, kisha akalitundika kwenye msumari na chini yake akaning'iniza chupa ya maji ili uzito wake uunyooshe uzi ukikauka. Sindano zake za kufumia zilikuwa spoki mbili za baiskeli, ncha zimesuguliwa kwa jiwe mpaka zikawa laini. Alianza kwa mishono 24, safu baada ya safu, mshono ule ule wa kawaida ambao mtoto wa shule huufahamu kwa mchana mmoja, na hakupima kwa rula: kipande kilipotimia mraba wa kiganja chake, kama sentimita 15, alikifunga akaanza kingine. Vipande 48, sita kwa nane, huwa blanketi la sentimita 90 kwa 120, nalo hutosha kumviringishia mtoto abebwapo mgongoni alfajiri, au kutandikwa sakafuni acheze juu yake.

Nilimwuliza alijifunzia wapi. Akasema mama yake alifunzwa katika chama cha akina mama, katika miaka ile ambayo Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1952, ilikuwa na madarasa ya kufuma, kushona na kupika, naye akafunzwa na mama yake wakiwa wanachunga. Na nyuzi zenyewe hazikuwa mbali, kwani Eldoret ni mji wa nguo: Ken-Knit iko huko na nyuzi zake na mablanketi, na Rivatex, kiwanda cha pamba, Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007. Ila kondoo walisahauliwa. Wapo wengi katika mashamba ya Ainabkoi, wamevaa sufu nzito inayolowana kwa umande, na aghalabu mkulima huwafuga kwa nyama, sufu akaihesabu kuwa ni takataka. Hilo naliona kuwa ni hasara iliyo wazi. Huko Njoro, upande wa Nakuru, wako wanawake waitwao Kenana Knitters ambao tangu mwaka 1998 wanasokota sufu kwa mkono, wanaitia rangi za mimea, na kuifuma ikawa tembo, twiga na kondoo wa kuchezea, na kila mnyama huambatishwa jina la aliyemfuma. Wanyama hao wamevuka bahari wakalala katika vyumba vya watoto wa Ulaya na Marekani. Mwendo wa kutoka Njoro hadi Ainabkoi ni wa saa chache kwa matatu.

Rangi tulizitia wenyewe, mimi nikiwa na shabu niliyoichukua kutoka Mombasa, ile ile itumikayo kusafishia maji. Kwa kila gramu 100 za sufu tuliyeyusha gramu 10 za shabu katika maji mengi, tukaichemshia humo kwa moto wa taratibu muda wa saa moja, kwa sababu bila shabu rangi huondoka kwa maji ya kwanza. Kisha katika chungu kingine tukachemsha maganda makavu ya vitunguu, uzito sawa na wa sufu, tukayachuja, tukaitumbukiza. Ilitoka na rangi ya dhahabu iliyoiva, kama ngano ya Uasin Gishu ikikaribia kuvunwa. Majani ya chai yalitupa kahawia. Tulijaribu na kiazi chekundu cha saladi, kikatoa waridi nzuri sana iliyopauka kabla ya siku ya Ijumaa, nami sikishauri. Akriliki haishiki rangi hizi hata kidogo, na asiyeijua ile hila ya kiberiti atapoteza kuni zake bure.

Chumba chenyewe kilitengenezwa polepole. Mbao za ukuta, zilizopasuliwa mbichi, zilikuwa zimekauka na kuacha nyufa, na upepo ulipita humo ukipiga mluzi. Watu wengi huzibandikia magazeti na kalenda, jambo lisilo baya, kwani wako waliojifunza kusoma kwa ukuta wa namna hiyo. Sisi tulitundika ule mkeka wangu upande wa upepo. Mkeka wa Pwani ni ukili mrefu uliosukwa kwa miyaa iliyotiwa rangi, kisha ukashonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mpana, na ukitundikwa ukutani huzuia baridi na kumpa mtoto mistari ya kuifuata kwa macho. Kogo aliushika, akaupindua nyuma kama alivyozipindua sweta zile, akautazama mshono wa ukili muda mrefu, akasema, “Kumbe na nyinyi mnaunga vipande.”

Dirishani tulitia kanga. Upana wake, yapata sentimita 110 kwa 150, hulitosha dirisha la kawaida bila kukatwa, na pindo lake lililozunguka mji, yaani sehemu yake ya katikati, huwa fremu iliyo tayari. Nilichagua ile ambayo jina lake lilikuwa dua kwa mtoto, nikaipindua ili maandishi yasomeke kutoka ndani. Sakafu ya saruji, iliyo adui mkubwa kuliko ukuta, tuliifunika kwa zulia la matambara: unachukua gunia la kamba, unakata nguo zisizofaa kuwa mikanda ya upana wa vidole viwili, unaivuta kwa kulabu kutoka upande mmoja kwenda wa pili, ikasimama karibu karibu kama nyasi. Zile sweta zilizokatwa kwa mkasi ndizo tulizozitumia, wala hapakupotea kitu.

Kuhusu rangi ya ukuta nitasema machache. Anayetaka kupaka na aulize rangi isiyo na risasi, na asome kopo, kwani Kenya imeweka kiwango cha chembe 90 kwa milioni kisipitwe, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Na rangi kuukuu inayobanduka isikwanguliwe mtoto akiwa karibu.

Katika vitu vya kuchezea ndipo nilipotamani niwe na mwaka mzima wa kuandika. Binamu zake mjukuu wangu, watoto wa miaka saba na tisa, walipoambiwa kuwa tunapamba, walileta zawadi zao: gari la waya lenye usukani mrefu, na wanasesere wawili wa magunzi ya mahindi, wamevishwa vitenge, nywele zao zikiwa ni ndevu za mahindi zilizosukwa. Gunzi lilichaguliwa lenye kiuno. Gari lilining'inizwa juu kabisa ukutani, kwa sababu waya huchoma, mtoto akalitazama tu. Wanasesere wakakaa kwenye rafu pamoja na kibuyu kidogo, sotet ya Kogo yenye shanga na kifuniko cha ngozi, iliyokuwa bado na harufu ya mkaa wa senetwet unaotumika kuisafishia kabla ya kutia maziwa ya mursik. Nikawakumbuka watoto wa Kiunga, huko kaskazini mwa Lamu, waliookota ndara zilizoletwa ufuoni na bahari wakazichonga vyombo na wanyama, hata kazi yao ikawa mwanzo, mwaka 1997, wa biashara inayouza tembo wa mpira duniani kote. Watoto hao hawakufunzwa na mtu.

Badala ya vile vinyago vya plastiki, binti yangu alichukua kijiti cha msonobari, akafunga kwacho matunda makavu ya msonobari matano aliyoyaokota msituni, na vipande vya kitambaa cheusi na cheupe, kwa sababu mtoto katika miezi ya kwanza huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, na weusi juu ya weupe ndio umvutiao. Kilining'inizwa juu ya meza ya kumbadilishia nguo, ambapo mama yuko wakati wote, wala si juu ya kitanda, na kamba yake ikawa fupi isiyofikiwa na mkono. Sungura wa sufu aliyefumwa na Kogo alitiliwa macho ya uzi uliodariziwa. Vifungo na shanga humezwa, na Kogo alilijua hilo bila kusoma popote, kwa kuwa aliwahi kumtoa mtoto wa jirani ushanga kooni.

Usiku wangu wa mwisho tuliunganisha vile vipande 48. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga mabati jioni ile, na mtoto, amevaa sweta mbili na kofia, alikuwa amelala chali katika chumba cha wazazi wake, kitanda chake kitupu kama alivyoagiza yule mama mwenye daftari. Mimi nilishona kutoka upande mmoja, kwa mshono wa ukili niliofunzwa na nyanya yangu, Kogo kutoka upande wa pili kwa mshono wake, nasi tukakutana katikati karibu na saa tano. Nilitaka kulizungushia blanketi pindo la dhahabu ili limalizike. Kogo akanizuia mkono, akaacha upande mmoja wazi, na katika kila kipande cha upande huo akaacha uzi mrefu unaoning'inia, akaufunga usifumuke.

“Atarefuka,” akasema. “Mwakani ukija, uje na shabu.”